Ndoa Isiyotangazwa

Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Anayekitaka kitu kwa dhati haachi kukisaka mpaka akitie mkononi. Noela wa Ifakara aliyajua hayo kwa miguu yake mwenyewe.

Bibi yake, Apolonia, alikuwa mjane mcheshi, lakini jambo moja lilimkata maini. Cheti chake cha ndoa kilisombwa na mafuriko, na tangu hapo wifi yake, Luciana, hakuacha kumsimanga kwamba marehemu Kelestini alimchukua tu, hakumwoa.

"Mjukuu wangu," alimwambia Noela, "nisife nikiitwa hawara."

Noela akajifunga kibwebwe. Parokiani, kitabu cha ndoa cha miaka ile kilikuwa kimeliwa na mchwa. Kilichosalia ni daftari la matangazo ya ndoa, yale yanayosomwa kanisani Jumapili kadhaa kabla ya harusi. Alilipekua Jumamosi nne, jina kwa jina. Hola! Akapanda basi hadi parokia ya Mang'ula, huenda waliandikwa huko, akarudi mikono mitupu.

"Labda bibi amesahau," mumewe, Fredy, alimwambia kwa upole.

"Bibi huyu? Anakumbuka hata majina ya mbuzi wa baba yake!"

Akamwendea bibi. "Shikamoo bibi. Ndoa yenu ilitangazwa Jumapili ngapi?"

"Marahaba. Itangazwe saa ngapi? Kelestini alipata kazi ya kujenga reli, akatakiwa aondoke baada ya siku nne. Padri akatuombea ruhusa kwa askofu, tukafunga ndoa Jumatano asubuhi. Viatu nilivaa vya dada yangu, vikanibana mpaka machozi."

"Bibi! Mbona hukuniambia?"

"Kwani uliniuliza?"

Kesho yake Noela alimwomba katibu wa parokia, Mzee Egidius, amfungulie kabati la barua za askofu. Walipukuta vumbi mpaka saa tisa alasiri, wakapiga chafya kwa zamu. Ndipo ikaonekana karatasi ya ruhusa: Kelestini na Apolonia waoane bila kutangazwa. Chini yake padri alikuwa ameandika, "Nimewafungisha ndoa leo, Jumatano."

Noela aliisoma nakala yake mbele ya mawifi wote wawili. Luciana aliinama, kisha akamgeukia Apolonia.

"Wifi, nimekukosea miaka mingi. Nisamehe."

Apolonia alimshika mkono, akausugua taratibu kama anayepasha moto kidole cha mtoto. "Yamekwisha, wifi yangu. Noela, hebu soma tena, pale penye jina la Kelestini."

Noela akasoma mara ya pili, na ya tatu. Ama kweli, mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.