Godoro la Muhuri

Ajuaye ya godoro ni aliyelijaza. Mmenisikia nikimwambia hivyo muuza makochi, mkaangua kicheko, sasa mnataka kujua maneno hayo nimeyatoa wapi. Haya, kaeni, na kicheko mtakiacha wenyewe. Methali hii ilianza hivi.

Mtaani kwetu palikuwa na fundi magodoro aitwaye Mbwarali, ambaye mkono wake haukuwa na mpinzani. Enzi hizo godoro la mtoto fundi aliliachia tundu la kupita mkono. Mama mtu akaja, akachomoa sufi, akainusa, akaridhika, ndipo likafungwa mbele yake. Baadaye chama cha mafundi kikaleta muhuri: godoro lililogongwa lina sufi safi. Watu wakaona wepesi, tundu likasahauliwa.

Mwaka mmoja misufi haikuzaa. Mbwarali akapata pamba chakavu iliyotolewa kwenye ghala la mbegu, imelowa dawa ya wadudu. Akaianika juani siku tatu, harufu ikapungua, akajiambia dawa imekwisha. Akajaza, akashona, akagonga muhuri.

Godoro moja alilichukua jirani yake, Somoe, aliyepata mtoto wa kwanza baada ya kungoja miaka tisa. Siku ya tano mtoto akaanza kutokwa na mate, kifua kikambana. Tabibu wa zahanati alihangaika, mara homa ya mapafu, mara maziwa yamempalia, mwisho akauliza mtoto analalia nini, akaagiza fundi wa godoro aitwe. Mbwarali alikuja kwa miguu mizito, maana alikwisha kujua.

"Fundi, godoro la mtoto huyu ndani mna nini?" tabibu akauliza.

Aliona haya mbele ya jirani yake, na haya mbaya jamani. "Sufi tupu," akasema. "Si lina muhuri?"

Somoe mwenyewe akamtetea kwamba jirani hawezi kumficha. Mtoto akapewa dawa ya kifua, akarudishwa nyumbani, akalazwa juu ya godoro lilelile.

Mbwarali hakula mchana ule wala jioni. Asubuhi roho ikamsuta, akakimbilia zahanati kusema kweli. Tabibu akanyakua mkoba wake wakatoka pamoja. Walipofika kwa Somoe walikuta wanaume wameketi jamvini nje, na maji ya kumwoshea mtoto yanapashwa moto.

 Somoe alishika kisu cha jikoni, akalipasua lile godoro, akatoa konzi ya pamba ya kijivu, akainusa kama mama zake walivyokuwa wakinusa.

"Tabibu hakujua, mimi sikujua, na muhuri haujui kitu," akasema. "Ajuaye ya godoro ni aliyelijaza. Nawe uliulizwa, Mbwarali."

Somoe hakumwambia neno jingine maisha yake yote, na Mbwarali hakushika tena sindano.

Basi yule muuza makochi alinionyesha cheti chake, nacho kizuri, kina mihuri miwili. Nikamwomba afungue zipu ya kochi niingize mkono, akakataa, nanyi mkacheka. Ajuaye ya godoro ni aliyelijaza.