Sahani ya Bi Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Mliosinzia?

Hatumo!

Wenye njaa?

Tupo!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko yao, palikuwa na Bi Pimbi. Alikaa majabalini. Mdogo wa mwili, mkubwa wa maneno. Lakini sambusa zake, jamani! Choroko ndani, kitunguu, pilipili kidogo. Chwaaa! kwenye mafuta. Harufu ikashuka bondeni, na kila mwenye pua akaacha kazi yake.

Siku moja alijaza sambusa kwenye sahani yake ya maua mekundu, akampelekea jirani yake, Tumbili. Ninyi mnajua desturi: sahani ya jirani hairudi tupu. Bi Pimbi akangoja. Leo haikurudi. Kesho haikurudi.

"Amekula na sahani?" akasema Bi Pimbi. Akashuka, tipu tipu tipu, mpaka kwa Tumbili.

"Hodi!"

"Karibu, dada! Nilikuwa nakuletea sahani yako na sambusa zangu, nikakutana na Ngiri. Ana njaa. Ningemnyima vipi? Nikampa zote, na sahani yako juu. Hapa nyumbani ilibaki hii moja, hebu onja."

Bi Pimbi akauma. Akatema, ptu! "Ndizi mbichi! Nani kakwambia sambusa ni ndizi?"

"Choroko sina, dada. Ndizi ninazo."

Bi Pimbi hakuaga. Tipu tipu tipu, mpaka kwa Ngiri. Akamkuta kasimama jikoni, chwaaa!

"Karibu, Bi Pimbi! Nimejifunza kwa Tumbili. Ila mimi nachimba muhogo, basi nimetia muhogo."

"Muhogo!" Bi Pimbi akavimba. Wewe unayecheka hapo nyuma, ungemwona usingecheka. "Sambusa ni choroko! Ni ya bibi yangu, na ya bibi yake bibi yangu. Wewe na Tumbili mmeiharibu. Harusi ya binti yangu msije!"

Lo! Neno likitoka halirudi. Akaondoka kwa hasira, hata sahani akaisahau.

Siku ya harusi ikafika. Bi Pimbi akabandika mafuta, akafunua kapu la choroko. Mama wee! Fukusi! Wamekula choroko zote, umebaki unga.

Na harusi ya pimbi bila sambusa haijapata kuonekana. Tena ngoma ya bwana arusi hiyo inakuja, ndu! ndu! ndu! Bi Pimbi akakaa chini, akalia. Alitamani kuwaita majirani zake, lakini kwa uso upi?

"Hodi!"

Mlangoni Tumbili na Ngiri. Katikati yao sahani ya maua mekundu, imejaa sambusa mpaka zinaporomoka. Nyuma yao makapu mawili, nayo yamejaa.

"Nilisema msije harusini," akasema Bi Pimbi kwa sauti ndogo.

"Hatukuja harusini," akajibu Ngiri. "Tumekuja kurudisha sahani."

Bi Pimbi akawashika mikono, akawaingiza ndani.

Wageni wakala. Alikuwemo Ngamia, aliyebeba mizigo ya bwana arusi kutoka mbali. Akatwaa sambusa, akaigeuza, akacheka.

"Kumbe ilifika huku! Hii ni ya kwetu mchangani. Kona tatu hivi hivi. Babu zetu waliwaachia pimbi wa majabalini, walipopita na mizigo yao. Ila ndani sisi tunatia tende."

"Tende!" akaruka Bi Pimbi. "Na choroko je?"

"Choroko?" Ngamia akashangaa. "Nani kakwambia sambusa ni choroko?"

Tumbili akamtazama Ngiri. Ngiri akamtazama Bi Pimbi. Bi Pimbi akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akala ya ndizi, akala ya muhogo, akaomba na ya pili.

Ngamia alipoondoka, Bi Pimbi alimpa sahani ile, imejaa. Haijarudi mpaka leo. Naye hana haraka, maana anajua haitarudi tupu.

Basi, wanangu, na ninyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: chakula ni msafiri, kila kinapolala huvishwa nguo ya hapo. Usimfukuze jirani kwa sababu chungu chake si chako.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, mpelekee jirani. Ikiwa imepungua chumvi, tia yako.