Mji Mkuu wa Nne

Serikali iliyojitenga ilikuwa imekwisha kupoteza miji mikuu mitatu vitani ilipofika kwa mkunga Feza. Mvua ilinyesha. Kijijini ni nyumba yake tu iliyoezekwa bati, na ndani walilala akina mama watatu na vichanga vyao.

"Watoke! Hii sasa ni Ikulu," kanali aliamuru.

"Hongera, baba. Basi pigilieni kwanza kibao chenu cha Ikulu, watu wajue."

Askari wakakipigilia mlangoni. Kanali akataka kuingia.

"Soma kwanza, baba."

IKULU. MARUFUKU KUINGIA NA SILAHA.

"Adui yuko ng'ambo ya mto, nami niache bastola nje? King'oeni!"

"Kiking'oka, Ikulu imehama," alisema Feza. "Si ndivyo mlivyofanya kule mlikotoka?"

Askari walikuwa wamekwisha kuking'oa kibao na kukipakia kwenye lori lao, tayari kuutafuta mji mkuu wa tano.