Injini Iliyotunzwa Isiruke

Ndugu zangu, leo nataka tutoke kidogo humu kanisani twende bondeni, kule ambako masika yakianza barabara inakatika, na mtu mwenye haraka ya kufika mjini hubaki kutazama juu. Huko aliishi rubani mmoja jina lake Ponsiano, mwenye ndege yake mwenyewe. Msifikirie zile za kupanda kwa ngazi. Hii ilikuwa ndege ndogo ya watu watano, ukikaa mbele magoti yanagusa vyombo, na injini yake ilikuwa ya pistoni, ndugu kabisa wa injini ya gari.

Ndege hiyo ilimtesa. Ilitumia petroli maalumu ambayo bondeni haipatikani, ikabidi aagize kwa mapipa, na barabara ikikatika mapipa nayo yanalala njiani. Leo silinda imepasuka, kesho inavuja mafuta. Lakini ikipona iliruka, na iliruka kwa ajili ya yeyote. Alibeba walimu, alibeba chanjo, alibeba vifaranga wa kuku, na mara moja alimbeba bibi harusi aliyekataa kuvuka mto kwa mtumbwi na gauni lake jeupe. Nauli zilikuwa ndogo, ila hazikukatika, na mkewe, Gaudensia, aliendesha nyumba kwa nauli hizo.

Ponsiano akachoka kushinda na spana. Akauza ndege ile, akauza na kiwanja chake cha mjini, akanunua nyingine kubwa zaidi, ya watu kumi na wawili, iliyokwisha tumika, yenye injini ya turbini. Naona akina mama wa benchi la pili wananitazama, basi nieleze. Turbini haina pistoni za kupanda na kushuka. Inavuta hewa, inachoma mafuta, na ule moto unazungusha mapanga kwa kasi ya ajabu. Ina nguvu, haiharibiki ovyo, na inatumia mafuta ya ndege kubwa, jamaa ya mafuta ya taa, ambayo hayana shida kupatikana. Ubaya wake ni gharama. Kuinunua ni ghali, na siku ya kuishusha na kuifumua yote iundwe upya, hiyo ni siku ya kuuza ng'ombe na zizi.

Bonde zima lilikuja kuipokea. Watoto waliimba, wazee waliigusa ubavuni, Padri akainyunyizia maji ya baraka. Ponsiano alifurahi mpaka usingizi ukampaa.

Kisha hofu ikaingia. Alikuwa ameambiwa kwamba injini ile imepangiwa saa zake za kuruka, na kwamba kila ikiwashwa moto wake unakula kipande cha uhai wake. Akaanza kuihurumia. Mkunga akaja na sanduku la chanjo za kijiji cha ng'ambo. Ponsiano akamweleza kwa upole kwamba safari ile ni fupi mno, injini ya namna hii haiwashwi kwa kuvuka mto. Kwaya ikaomba kupelekwa kwenye mashindano. Akasema wanakwaya wanane hawajazi ndege. Wakulima wa mpunga wakaomba, akasema magunia yatachubua viti. Akawa anawangoja wakubwa na watalii, na bondeni wakubwa huja wakati wa kampeni tu. Ndege ikavikwa turubai, ikawa inapanguswa vumbi kila asubuhi.

Mwalimu mmoja alianguka kutoka kwenye paa la darasa akavunjika mguu. Wakamjia Ponsiano. Akasita, akasema hali ya hewa siyo nzuri, na hali ya hewa ilikuwa nzuri. Wakamchukua mwalimu kwa mtumbwi, kisha kwa pikipiki, mguu umefungwa kwa vipande vya mbao. Alipona, Mungu mwema, lakini alirudi anachechemea, na Ponsiano akaanza kupita njia ya nyuma ili asikutane naye.

Nyumbani nako sufuria zikawa nyepesi. Gaudensia alivumilia, mwishowe akasema:

"Baba Eda, ile ya zamani ilikuwa inatuchosha, lakini ilikuwa inatulisha. Hii tunailisha sisi."

"Naitunza, mama. Itatufaa mbele."

Je, alikuwa amekosea? Kutunza mali siyo dhambi. Kina mama mnatufundisha kila siku kutunza. Hebu tumsikilize mpaka mwisho.

Ikafika siku ya ukaguzi, akaja mhandisi wa injini kutoka mjini, mama mmoja makini aitwaye Zuhura. Alifungua vifuniko, akaingiza taa, akachungulia kwa muda mrefu. Ponsiano alisimama pembeni akitabasamu kama mwanafunzi aliyemaliza mtihani mapema. Alitaka kusifiwa. Akamwambia kwamba asilimia kubwa ya saa za injini ile bado zipo, hajazigusa.

Zuhura akafuta mikono.

"Kapteni, hizo saa ni kweli zipo," akasema. "Lakini injini hii ina mipaka miwili, saa na miaka. Unaotangulia ndio unaohesabika. Miaka inaisha mwezi wa tisa. Ikifika hapo inashushwa, iwe imeruka au imelala."

Ponsiano akauliza zile saa zilizobaki zitahamishiwa wapi.

"Hazihamishwi. Zinaondoka na miaka. Na hii kutu unayoiona huku ndani haikuletwa na safari. Imeletwa na kusimama. Bado haijafika pa kuizuia kuruka. Injini kama hii hulipwa na kuruka, kaka yangu. Gharama yake unaigawanya kwa safari nyingi, inakuwa nyepesi. Ukiigawanya kwa safari tatu, itakuua."

Mipaka yote miwili alikuwa ameelezwa siku ya kununua. Hofu ilikuwa imemziba sikio moja.

Alikaa chini ya bawa hadi Zuhura akamaliza kazi na kufunga visanduku vyake. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyejikuta anapaka rangi ukuta unaobomolewa kesho. Akaenda nyumbani kwa njia ya mbele, akapita kwa mwalimu, akamwomba radhi, na mwalimu akamkaribisha uji. Turubai akampa Gaudensia aanikie mpunga.

Ndugu zangu, bonde halijapata kuona miezi kama ile. Alikusanya mizigo midogo midogo ya watu mpaka ikajaza ndege: chanjo na magunia safari moja, magodoro na walimu safari nyingine. Kwaya ilipelekwa ikaimba angani, rubani akiitikia besi vibaya. Wagonjwa walifika hospitali wakiwa bado na joto la kitanda cha nyumbani. Mwezi wa tisa injini ikashushwa, na gharama ilikuwa ile ile ya kutisha. Sehemu kubwa akailipa kwa nauli za miezi hiyo. Iliyobaki, wakulima wenyewe wakamtangulizia nauli za msimu unaofuata, maana walishaona faida ya kuwa na ndege inayoruka.

Sasa tuje kwetu sisi. Nani alitudanganya kwamba nguvu tusiyoitumia tunaiweka akiba? Tunao ujuzi, tunasema tutaufundisha tukistaafu. Tunalo neno la msamaha, tunalisubirisha hadi mazishi. Tunavyo vikombe vizuri kabatini, tumewawekea wageni wakubwa, na jirani yetu aliyekuja na njaa tumempa kikombe chenye ufa. Tunajihurumia, tunasema nisichoke, nisitumike, nisimalizike. Ndugu yangu, kumalizika utamalizika. Mungu hakukupa saa tu, amekupa na miaka, na hiyo inakwenda wakati umelala. Kuna uchovu unaotokana na kuwabeba watu, huo usingizi wa usiku mmoja unautoa. Lakini kutu ya kusimama utaitoa kwa nini?

Sikwambii uruke bila mafuta. Ratibu safari zako, jaza viti, pumzika panapostahili. Ila usiishi umevikwa turubai.

Namaliza. Bibi Liheta wa karibu na kisima hajatoka ndani tangu Pasaka. Wenye pikipiki mnamjua, na mchana huu hamna kazi. Na wewe unayeitunza sauti yako mwaka wa tatu huu, simama na wenzako, wimbo unaanza. Leo tunataka kukusikia.