Sare ya Mama na Mtetea Mmoja

Hivi wewe, kondakta akisimama mlangoni akauliza "Mmetimia?", huwa unageuka kuangalia viti, au unajibu tu ili gari liondoke? Usinijibu sasa. Jibu lako liweke, utalihitaji.

Palikuwa na kundi la wafugaji wa kuku kwenye simu, watu mia na arobaini wasiojuana sura. Walijuana kwa kuku: fulani ni yule mwenye jogoo asiye na mkia, fulani ni yule aliyepoteza vifaranga sitini kwa ugonjwa wa mdondo wiki ya Pasaka. Humo walikuwamo watatu tunaowataka leo.

Tunsume wa Tukuyu alijaliwa mdomo. Alikuwa anaweza kumpigia simu mtu asiyemjua, na kabla huyo hajamaliza kuuliza "nani mwenzangu?", yeye ameshajua mkwewe anaumwa nini.

Longinus wa Njombe alijaliwa barabara. Alikuwa na pikapu ya kubebea chakula cha kuku, na kutoka Njombe hadi Songea hapakuwa na shimo asilolijua.

Mwalimu Gaudensi, mstaafu, alijaliwa uhakika. Hakusema jambo ambalo hakulihakikisha. Ukiandika kundini kwamba kuku wako ametaga mayai kama kumi, atakuuliza: "Kama kumi ndiyo tisa, au kumi na moja?" Walimwogopa na kumheshimu, mambo ambayo kwa walimu ni kitu kimoja.

Wa nne ni Osmunda, fundi cherehani wa Makambako. Huyu hakujaliwa chochote isipokuwa mama, na kundini aliingia kwa ajili ya kuku wa mama huyo.

Mama yake, kijijini nje ya Songea, alikonda kwa ugonjwa hadi sare yake ya chama cha akina mama wa kanisani ikawa inamvuka mabegani. Akamtumia binti yake aipunguze. Osmunda akaipunguza, akaipiga pasi, akaitundika. Jumatano mama akafa. Na akina mama wale hawakubali mwenzao afungiwe jeneza bila sare. Wanasema ataimbiwaje kama mgeni? Padri naye alikuwa na maziko mengine jioni. Akasema jeneza litafungwa saa nane mchana, iwe isiwe.

Ijumaa alfajiri Osmunda akapanda basi, sare begini. Baada ya Njombe, kwenye msitu wa misonobari, basi likasimama watu wachimbe dawa, wanaume kushoto, wanawake kulia. Wenzake walichuchumaa karibu na barabara. Osmunda hakuwa amelia tangu Jumatano, na hakutaka kulia mbele za watu, kwa hiyo akaingia ndani zaidi ya miti. Kondakta, kama ilivyokuja kujulikana, aliuliza mara moja, akajibiwa mara moja. Osmunda aliporudi alikuta harufu ya moshi na barabara tupu.

Tiketi yenye namba ya kondakta ilikuwa begini, na begi limekwenda. Simu mkononi ilikuwa na chaji asilimia tisa. Akampigia kaka yake.

"Umeachwaje na basi, Osmunda? Wewe mtoto?"

"Kaka, mwambie padri asubiri."

"Padri hasubiri. Huku wananiuliza sare, nami nawaambia iko njiani." Akakata.

Ndipo akaliandikia kundi: "Nimeachwa na basi la Songea, porini baada ya Njombe, penye kibao cha kona kali. Sare ya kumzikia mama imo kwenye begi jekundu, kiti namba kumi na nne. Jeneza linafungwa saa nane. Atakayetufikisha, mimi na sare, yule mtetea wa mama, wa mbegu ya kuchi, ni wake."

Kundi zima lilimjua mtetea yule, shingo ndefu, miguu ya njano. Miaka mitatu watu waliomba mbegu yake, mama akakataa.

Majibu yakamiminika. Pole thelathini na nane. Viganja vya kuombea. Mmoja akauliza dawa ya mafua ya kuku. Hakuna aliyeinuka alipokaa. Simu ikazima.

Tunsume hakuandika pole. Aliweka ndoo chini, akaanza kupiga namba za kundi moja baada ya nyingine. "Uko wapi sasa hivi? Usinisalimie, nijibu!" Walimtukana, walimkatia, wawili walimtongoza. Namba ya hamsini na tatu ilikuwa ya Longinus. Ya themanini na tisa ilikuwa ya Mwalimu Gaudensi, ambaye hakuwa amelifungua kundi tangu asubuhi.

"Nipo kwenye basi la Songea," alisema Mwalimu.

"Lipi? Lenye begi jekundu, kiti namba kumi na nne?"

Mwalimu akainuka, akaangalia viti. "Hilo hilo," akasema.

Longinus hakumaliza chai. Alishusha magunia ya pumba mbele ya duka lisilo lake, akamkuta Osmunda amesimama pale pale penye kibao. "Panda, dada. Tutafika." Karibu na Songea tairi likapasuka. La akiba lilikuwa limelika hadi nyuzi; nalo likapasuka. Akaendesha juu ya rimu, cheche zikiruka, hadi rimu ikapinda na gari likagoma. Kilomita ya mwisho walikimbia kwa miguu.

Mwalimu Gaudensi alikuwa na miadi ya macho hospitalini, miadi aliyoisubiri miezi minne. Hakwenda. Osmunda alimwelekeza kijiji kwa simu ya Longinus, naye akapanda bodaboda amelikumbatia begi jekundu, akafika msibani saa saba na nusu. Akina mama wakamvisha mwenzao, wakaimba. Saa nane kamili jeneza likafungwa.

Osmunda alifika saa nane na dakika ishirini. Kaburi lilikuwa limejaa nusu. Uso wa mama hakuuona.

"Sare imemkaa, mwanangu," mama mmoja alimwambia. "Kama ulimpima jana."

Alasiri wakakaa mkekani, Tunsume akiwa kwenye spika ya simu, kuku kwenye tenga katikati yao. Ukaanza unyenyekevu, ule wa kukataa huku jicho liko kwenye tenga.

"Mie nilikaa tu nikibonyeza simu," alisema Tunsume. "Ila bila mie mngejuana?"

"Mimi sitaki kitu, dada," alisema Longinus. "Ila mimi nimeleta mtu. Mwenzangu kaleta begi."

Osmunda akamtoa mtetea, akamweka mapajani mwa Mwalimu.

"Mama amelala amevaa. Mchukue."

Kuku akatulia. Mwalimu hakumgusa.

"Mbona kimya?" Tunsume aliuliza. "Amempokea?"

"Osmunda," alisema Mwalimu, "kiti changu kilikuwa namba kumi na nane, nyuma yako. Nilikuona ukishuka. Kondakta alipouliza, nilikuwa nasoma gazeti. Sikuinua macho. Mimi ndiye niliyejibu tumetimia."

Haya. Mmoja aliwakutanisha. Mmoja alimleta binti, akachelewa. Mmoja alimvisha mama, na ndiye aliyemwacha binti porini. Kuku bado yuko mapajani. Je, wewe, ukiwa na lile jibu lako la mwanzo, ungeamua vipi?