Darasa la Viongozi la Mchungaji Fisi

Mwenye mchungaji wake asinikasirikie. Ninasimulia habari za wanyama, tena wa zamani, na kama kuna mtu anayefanana nao, hilo ni shauri lake yeye na kioo chake.

Mwaka huo mvua ilikataa katakata. Mto wa Bonde la Kisaka ukabaki mchanga na mawe. Ukichimba unapata tope, ukichimba tena hata hilo tope hulioni. Wanyama wakakaa kikao, wakakubaliana kwamba ikipita wiki moja zaidi watahamia mto wa ng'ambo ya milima, safari ya siku nne. Wenye miguu mizima waliona ni sawa tu. Lakini Mama Digidigi alikuwa na mama yake mzazi, bibi kizee aliyevunjika nyonga, ambaye hata kutoka kichakani kwenda kuota jua alihitaji kuegemezwa. Kuhama kulikuwa na maana moja tu: bibi abaki nyuma, afe kwa kiu.

"Nenda nao, mwanangu," bibi alimwambia. "Mimi nimeshakula chumvi nyingi."

"Mama, usinitie uchungu! Mimi siondoki bila wewe."

Si kwamba maji hayakuwepo. Upande wa mashariki kulikuwa na bwawa kubwa, maji tele, baridi. Ila lilikuwa bwawa la Baba Askofu Simba, na Simba hakujua kutoa kitu bila kwanza kusifiwa. Siku ya Jumatatu akamtuma Kunguru na tangazo, Kunguru akalisoma kwa sauti ya kukwaruza:

"Nimesikia kwamba Simba wa ng'ambo ana viongozi watano katika usharika wake, na hapa kwangu Kisaka yupo mchungaji mmoja tu. Hiyo ni aibu kwangu. Jumapili nitawangoja bwawani. Nileteeni viongozi wapya watatu, kila mmoja asalishe Sala ya Maji peke yake, mwanzo hadi Amina. Wakiweza, bwawa ni lenu wote. Wasipoweza, nisione ukwato majini mwangu. Na atakayenifurahisha zaidi ataketi kuume kwangu, ale nundu ya ng'ombe."

Usharika mzima ukapiga vigelegele. Viongozi watatu? Mbona wapo! Mchungaji Fisi alikuwa na Darasa la Viongozi, na darasa hilo lilikuwa limeingia mwaka wake wa sita.

Hapo lazima niwaeleze kuhusu darasa hilo, maana ndipo ujanja wote ulipolala. Sala ya Maji alikuwa akiijua marehemu Mchungaji Ndovu, naye kabla ya kufa alimfundisha Fisi. Miaka iliyofuata mvua zilikuwa nzuri, hakuna aliyeihitaji, kwa hiyo haikusomwa tena mbele ya watu. Fisi peke yake akabaki nayo. Usharika ulipomwomba alee viongozi wengine, alikubali mara moja, tena kwa machozi. Akachagua wanafunzi watatu: Bwana Ngiri siku ya Jumatatu, Mama Digidigi Jumatano, Sungura Ijumaa. Kila mmoja peke yake, na kila mmoja aje na mfupa mnono, kwa sababu, alisema Fisi, mwalimu hafundishi kwa tumbo tupu.

Kila mmoja alimnong'oneza maneno yale yale. "Wewe ndiye mrithi wangu. Wale wengine nawavumilia tu. Lakini ninayokufundisha usimwambie mtu, watakuonea kijicho." Na kila mmoja akala kiapo. Ngiri alifundishwa mwanzo wa sala, Digidigi katikati, Sungura mwisho. Wakiuliza sehemu iliyobaki, Fisi alijibu, "Kimebaki kipande kidogo. Mwakani nitakumalizia." Wao wakarudi nyumbani wakiwa wamevimba vichwa. Ngiri alikuwa akimsalimia Sungura kwa upole, kama unavyomsalimia mgonjwa. Sungura naye akimwona Digidigi na mfupa wake anatikisa kichwa: maskini, hajui kwamba mrithi ameshapatikana!

Sasa baada ya tangazo, Jumatano ilipofika, Mama Digidigi alikwenda kwa mwalimu wake na roho mkononi. "Mchungaji, nimalizie leo. Zimebaki siku nne tu kufika Jumapili, na mama yangu hana siku nyingi."

Fisi alikuwa akivunja mfupa. "Usihofu, Mama. Utasema ulichonacho, ukikwama mimi nitasimama nikumalizie. Ndivyo viongozi wanavyolelewa."

"Lakini Baba Askofu amesema kila mmoja peke yake."

"Askofu namjua mimi," Fisi alisema, akalamba uboho.

Alimjua kweli. Kila mwezi alikwenda kwake kupeleka taarifa ya usharika, na kila alipokwenda alikunywa bwawani hadi tumbo likalia. Kiu ya bonde haikumhusu. Kilichomhusu ni ile nundu. Wanafunzi wakwame mmoja baada ya mwingine, yeye asimame aokoe ibada, Askofu aone kwamba Kisaka bila Fisi hakuna kitu. Bwawa likifungwa, basi, hayo ni mapenzi ya Muumba.

Kesho yake asubuhi Sungura alipita karibu na kichaka cha Digidigi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ingawa maji ya kukupa hatuna."

Ndani ya kichaka sauti ilikuwa ikirudia kwa kilio: "Uwape kwanza wazee wasioweza kutembea, kisha wanaonyonyesha, kisha sisi wenye miguu..." Masikio ya Sungura yakasimama wima.

"Dada, hayo umeyatoa wapi?"

Digidigi alitoka akifuta macho. "Ni mambo ya darasani. Siruhusiwi kusema."

"Darasani nimo na mimi, mwaka wa sita huu, na sijayasikia hata siku moja."

Digidigi alimtazama kwa huruma. "Pengine hukuteuliwa, ndugu yangu. Usiumie."

"Sikuteuliwa? Mimi ndiye mrithi!"

"Wewe? Mrithi ni mimi!"

Wakatazamana. Bibi aliyekuwa ameegemea mti akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa. "Ama kweli! Kiti kimoja, na warithi wanazidi kuongezeka!"

Sungura ni Sungura, hata aibu haimzuii kupiga hesabu. "Sikiliza, dada. Nipe maneno yako yote, mimi nitakwenda nyumbani nitafakari, kisha tutaona."

"Sungura, nakujua tangu ulipokuwa unaiba karanga. Toa yako, nami nitoe yangu. Mama yangu yuko hapa anakauka, sina muda wa kuchezewa akili."

Sungura akashusha pumzi, akatoa. Digidigi naye akatoa. Walipounganisha wakaona wana katikati na mwisho, mwanzo hawana. Hawakuhitaji kuulizana mwenye mwanzo ni nani. Walimkuta Ngiri akichimbua mfupa wa Jumatatu ijayo.

"Nilikula kiapo," Ngiri alisema, akawageuzia mgongo.

"Na sisi tulikula," alisema Digidigi. "Bwana Ngiri, Mchungaji alikwambia wewe ndiye nani wake?"

Ngiri alikwaruza ardhi kwa ukwato. "Mrithi."

"Na mwakani atakufanya nini?"

"Atanimalizia."

"Basi kaa chini."

Ngiri akakaa. Akasema mwanzo wake, Digidigi akadaka, Sungura akamaliza. Kwa mara ya kwanza tangu Ndovu afe, Sala ya Maji ikasikika nzima:

"Ee Muumba wa mawingu na wa makorongo, tumesimama mbele yako na ndimi kavu. Tunaomba maji. Uwape kwanza wazee wasioweza kutembea, kisha wanaonyonyesha, kisha sisi wenye miguu. Utubariki tunywe bila kusukumana, na tukishiba tusisahau. Amina."

Ngiri alikuwa ameanza kujikuna sikio. Sala iliisha kabla hajamaliza kujikuna.

"Ndiyo yote?" aliuliza.

"Ndiyo yote," alisema Sungura.

"Miaka sita!" Ngiri alilia machozi ya hasira, jitu zima lenye pembe mdomoni. "Mifupa yote ile! Na mimi nilikuwa nawaonea huruma nyinyi!"

Sungura alitaka kwenda kupiga kelele bonde zima wakati huo huo. Digidigi akamzuia. "Kelele hazinyweki. Tujifunze kwanza, kila mmoja yote. Mengine baada ya maji." Wakajifunza palepale, wakamaliza kabla jua halijawa kali.

Jumapili ikafika. Wanyama wakajipanga ukingoni mwa bwawa, maji yanawaka mbele yao na hakuna anayethubutu kuyagusa. Ngiri alikuwa amembeba bibi mgongoni tangu alfajiri, akamlaza kwenye majani. Simba akaketi juu ya jiwe, manyoya yamechanwa vizuri, na pembeni yake ile nundu, nono, imetandazwa kwenye majani mabichi. Fisi alikuwa na kazi ngumu ya kutazama mahali pengine.

"Baba Askofu," alianza, "hawa ni watoto wangu katika huduma. Bado wachanga. Watakapokwama, mimi mlezi wao nipo."

"Kwa nini wakwame?" aliuliza Simba.

"Ni kawaida, Baba."

Ngiri akasimama. "Ee Muumba wa mawingu na wa makorongo, tumesimama mbele yako na ndimi kavu." Akavuta pumzi. Fisi akainuka haraka, akajipangusa mdomo, akafungua kinywa. "Tunaomba maji," Ngiri akaendelea, wala hakumtazama. Fisi akabaki amechuchumaa nusu, hajui akae au asimame, mpaka Amina.

"Keti, Mchungaji," alisema Simba. "Unanizibia."

Akaja Mama Digidigi. Alipofika kwenye wazee wasioweza kutembea, sauti ilimkatika. Fisi akainua shingo kwa matumaini. Lakini mama yule alimtazama mama yake pale kwenye majani, akameza machozi, akasema yote yaliyobaki kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bwawa. Sungura akaja wa mwisho, akaisalisha yote kwa mbwembwe, mikono juu, akavuta Amina mpaka watu wakaguna.

"Watatu!" alinguruma Simba, amefurahi mno. "Huyo wa ng'ambo akasikie!"

Fisi akaona nundu inampita hivi hivi. Akaruka mbele. "Baba Askofu, hawa wamekariri tu! Hata kasuku hukariri. Nundu ni haki ya aliyewafundisha!"

"Hilo neno," alisema Simba. "Haya, mwalimu, simama tukusikie na wewe."

Fisi akakohoa, akafumba macho, akafumbua moja kuangalia nundu. "Ee Muumba wa mawingu na wa... na wa..."

Miaka sita wanafunzi ndio waliokuwa wakisema, yeye alikuwa akitafuna. Tangu awagawie vipande vyao hakuwahi kuitamka tena hata mara moja, na hakuwahi kudhani kwamba kitu chake mwenyewe kingeweza kumtoka.

"Makorongo, Mchungaji," Digidigi alimnong'oneza.

Hakusikia. "...na wa nundu," alisema Fisi, "utubariki... Amina, karibuni mezani!"

Lo! Kicheko kilichopasuka hapo kiliwarusha ndege kwenye miti. Ngiri alianguka chini kabisa. Aliyekosa kucheka ni Simba, maana kiburi chake kilikuwa kimeguswa. "Kwa hiyo huyu ndiye aliyekuwa akiniletea taarifa za malezi ya viongozi? Sikilizeni. Kisaka ina viongozi watatu na mwanafunzi mmoja. Mwanafunzi huyo aanze darasa Jumamosi. Bwawa liko wazi."

Hakuna aliyesukumana. Hata nyati walisimama kando hadi Ngiri akamteremsha bibi ukingoni, bibi akanywa, akapumzika, akanywa tena. Digidigi alikuwa akilia wazi wazi, hajali nani anamwona. Nundu waliletewa viongozi watatu, wakashukuru sana, wakasema wao hula majani. Basi akaila Simba mwenyewe, polepole, na Fisi akitazama.

Jumamosi Ngiri alikuja na shauri lake. "Tumfundishe neno moja kila mwaka. Tena aje na majani mabichi."

"Hapana," alisema Mama Digidigi. "Leo, na yote. Na yeyote mwingine anayetaka aje akae."

Wakaja wote, swala, nungunungu, hata vyura. Kabla ya saa sita mchana darasa lilikuwa limekwisha, na hapakuwa na nyumba Kisaka isiyo na wa kusalisha. Fisi naye alijifunza, tena vizuri. Ila tangu siku hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwita kwake, na hakuna aliyemwekea sahani.

Ukipita bondeni utamkuta amekaa kando ya njia, mbavu nje, akiwaambia wasafiri, "Mnawaona wasalishaji wote hawa? Ni matunda ya darasa langu." Ngiri akisikia hivyo hutifua vumbi kwa hasira, kwa sababu hajui aanzie wapi kumbishia.