Sahihi ya Mwalimu Apendi

Mwalimu Benedeta Apendi aliheshimiwa sana katika kata moja ya wilaya ya Tororo, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli kutoka mpakani Malaba. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na miwili, na wengi wa watu wazima wa pale walijifunza kushika kalamu mbele ya macho yake. Ndiyo maana serikali ilipoleta fedha za kujenga wodi ya wajawazito katika kituo chao cha afya, na wananchi wakatakiwa kumchagua mwenyekiti wa kamati ya kusimamia ujenzi huo, hakuna aliyetaja jina jingine. Bila sahihi yake, kazi isingehesabiwa kuwa imekamilika.

Mwalimu alikuwa na mtoto mmoja tu, Obbo. Wawili waliomtangulia walifariki wachanga, naye akalelewa kama yai. Alipovunja kioo cha jirani, mama alilipa na kusema ni upepo. Alipokataa kurudi darasani kwa sababu ya kukaripiwa, mama alimhamishia shule nyingine. Mumewe, marehemu Ofwono, alimwonya mara nyingi. "Mtoto huyu unamlea kwa mkono mmoja tu," alimwambia, "ule wa kubembeleza." Benedeta alikuwa akicheka. Ukweli ni kwamba machozi ya Obbo yalimkata maini.

Obbo akakua, akasoma, akaajiriwa kuwa karani wa fedha wa kata ile ile. Kila baada ya miezi mitatu alipaswa kubandika kwenye ubao wa nje ya ofisi karatasi inayoonyesha fedha zilizopokewa na jinsi zilivyotumika, ili mwananchi yeyote ajisomee. Mwaka wa kwanza hakukosa hata mara moja. Watu wakazoea kupitia pale kusoma wakitoka sokoni.

Aliyesoma kwa makini kuliko wote alikuwa Taaka, mwanamke wa Kisamia aliyeolewa huko kutoka Busia, muuza dagaa. Siku moja alimshika Mwalimu mkono sokoni.

"Mwalimu, ile karatasi haiko tangu Pasaka. Na mafundi wa wodi naona hawaji."

"Nitamwuliza Obbo."

"Muulize, dada yangu. Binti yangu Justine ana mimba ya miezi mitatu. Nataka azalie hapa, si kuhangaika barabarani."

Jioni ile Mwalimu alimwuliza mwanawe wakiwa mezani. Obbo akaacha kula. Kwanza akasema karatasi imechelewa kwa sababu mashine ya kuchapia imeharibika. Mama akaendelea kumtazama. Ndipo akamwaga mtama wote. Yeye na mkandarasi wa wodi walichukua fedha za milango, maji na vitanda, wakanunua mahindi ya kuuza Kenya. Walitumaini kuzirudisha kabla ya mwezi kwisha na faida ibaki mifukoni mwao. Lakini lori lilikwama foleni Malaba siku tisa, mvua ikanyesha mfululizo, turubai likavuja. Mahindi yakaoza yote.

"Mkaguzi anakuja wiki ijayo," Obbo alisema. "Ukitia sahihi kwamba wodi imekwisha, faili linafungwa. Mimi nitarudisha pole pole. Mama, watanifunga."

Kisha mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja akalaza kichwa mezani, akalia kwa kwikwi.

Benedeta alijua la kufanya. Wangeuza ng'ombe na kipande cha shamba la kule bondeni, kisha angemwongoza mwanawe mpaka kwa mkuu wa kata akakiri mwenyewe. Obbo angepoteza kazi na kuaibika mbele ya rika lake, lakini wodi ingekwisha. Aliyajua hayo yote kama anavyojua jedwali la kuzidisha. Akamtazama mwanawe, mabega yakimtikisika, na moyo ukamlainika kama nta juani. Akaomba kalamu.

Taaka alipomwuliza tena, alijibiwa kwamba mambo yako sawa, karatasi imechelewa tu. Taaka hakuuliza zaidi, maana Mwalimu hakuwahi kumdanganya.

Mkaguzi alipokuja, alitazama faili tu, si jengo; katika vitabu vya wilaya, wodi ikawa imekamilika. Kwa hiyo bajeti mpya ilipopangwa, haikutengewa hata shilingi moja. Jengo likabaki na kuta na paa, bila milango, mbuzi wakijikinga mvua ndani yake.

Mwezi wa Oktoba, adhuhuri, Justine alishikwa na uchungu. Babra, mkunga wa kituo, aliwapokea mlangoni, akampima Justine tumbo.

"Mama Justine, mtoto amekaa vibaya. Hapa sina maji wala kitanda. Mkimbizeni Tororo."

Walimpandisha pikipiki, mama yake akimshikilia kwa nyuma. Barabara ilikuwa tope tupu. Hawakufika. Justine alijifungua kando ya shamba la mihogo. Mtoto wa kiume, akavuta pumzi chache, akanyamaza. Justine mwenyewe aliponea chupuchupu.

Mwalimu Apendi alikwenda mazikoni akasimama nyuma kabisa. Hakuweza kuinua uso.

Wiki mbili baadaye pakaitishwa baraza. Ofisa wa wilaya, Bwana Engole, alikuja kuwasomea wananchi matumizi ya fedha zao. Akasoma habari za barabara, akasoma za visima, kisha akafika kwenye kituo cha afya.

"Wodi ya wajawazito. Imekamilika: milango, maji, vitanda sita. Imethibitishwa na mwenyekiti wa kamati, Apendi Benedeta."

Taaka akasimama. Hakupaza sauti.

"Mwalimu, hivyo vitanda viko wapi?"

Benedeta naye akasimama. "Havipo," alisema. "Havijawahi kuwepo. Nilijua nilipotia sahihi. Nilimwonea huruma mwanangu."

"Na wangu je?" Taaka aliuliza.

Bwana Engole akaomba aonyeshwe hiyo wodi.

Obbo na mkandarasi walihukumiwa kifungo cha miaka minne kila mmoja. Ng'ombe waliuzwa, na shamba la bondeni likauzwa, ili fedha za umma zirudi. Mahakama ilimhurumia Mwalimu kwa umri wake na kwa kukiri kwake, ikampa kifungo cha nje. Lakini hakuna tena aliyemletea barua amsomee, wala ugomvi ausuluhishe.

Mara ya kwanza alipokwenda kumwona mwanawe gerezani, alimkuta amekonda. Obbo akasema, bila hasira, "Mama, siku ile ungekataa, ningekununia mwezi mmoja. Labda miwili. Halafu ningekuja kukuomba radhi."

Benedeta alitoka nje ya lango, akaketi juu ya jiwe kando ya barabara, akajifunika uso kwa kitenge na kulia mpaka sauti ikamkauka. Wapita njia walimtazama, wakaenda zao. Waliotutangulia waliliona hili zamani, wakatuachia neno: mchelea mwana kulia, hulia yeye.